Dufu langu halimo kwenye orodha yao

Mteja wangu hanipi jina la sampo, yaani kipande cha sauti kilichorekodiwa tayari. Tangu nianze kurekodi watu kwenye chumba hiki cha nyuma hapa Makorora, Tanga, hakuna aliyewahi kuketi kwenye kochi akaniambia, "Dada, niwekee perkashani, tempo 98, kii ya D maina." Wanasema, "Weka ile inayotambaa kwa chini." Wanasema, "Ile ya kumwingizia bibi harusi." Ustadhi wa madrasa moja ya Ngamiani, ambaye huleta vijana wake kurekodi kaswida Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unapokaribia, hana maneno mengi. Anagonga meza kwa vidole: "Lile la ta, mwanangu, si hili la du." Hapo natakiwa nilipate kabla vijana hawajaanza kuchezea simu, maana sauti ya mtoto wa miaka kumi na mitatu ikishapoa, kuipasha tena ni kazi kuliko kupasha ngozi ya ngoma.

Basi wanaoniuliza ninavyopanga sauti zangu kwenye brauza ya programu ya muziki, yaani lile dirisha la kutafutia mafaili ya sauti, jibu ni hilo. Nimezipanga kwa maswali ya watu wanaoketi kwenye lile kochi. Mengine yote nitakayosema hapa yanatokana na hapo.

Nianze na folda. Folda zangu zinasema jambo moja tu: sauti imetoka wapi na mwaka gani. "Pangani 2019." "Pongwe madufu 2021." "Kaseti za mjomba." "Za kununua." Sina folda ya kiki (ile ngoma kubwa ya mguu kwenye drami), wala ya ngoma za taratibu, wala ya maulidi. Faili hukaa mahali pamoja, lakini sauti ina kazi nyingi. Dufu moja la Pongwe ni la kaswida, ni la mapigo ya sita (vipigo vidogo vitatu mara mbili), lina mwangwi wa ukumbi, na nimeshalitumia kwenye tangazo la duka la magodoro. Ukitaka kulipanga kwa folda itabidi ulinakili kila mahali, na dakika moja ya WAV ya stirio, biti 24 kwa kHz 48, inakula MB 17 na ushee. Diski ya nje hainunuliwi kwa maneno.

Kulihamisha ndiyo balaa zaidi. Projekti yako haibebi sauti yenyewe, inabeba anwani yake. Ukitoa faili kwenye folda hii ukalipeleka ile, siku mteja wa mwaka juzi atakaporudi kutaka wimbo wake urefushwe, unafungua unakuta mistari imenyamaza na programu inakuuliza faili liko wapi. Utajua wewe. Lebo, yaani neno unaloibandikia sauti ndani ya programu ili uitafute kwalo, haina shida hiyo. Unaweza kuivika sauti lebo na kuivua mchana kutwa, faili lenyewe halijasogea hata kidole. Hii peke yake ingetosha kunifanya nihame kutoka folda kwenda lebo, hata kama kutafuta kusingekuwa kwepesi zaidi. Hata hivyo, kazi ya mteja ikiisha, kusanya sauti zake zote ndani ya projekti. Programu ya Ableton Live ina amri ya Collect All and Save, na FL Studio inakufungia kila kitu kwenye zipu moja. Mimi sifungi kazi ya mteja kabla ya kufanya hivyo.

Zamani mambo haya ya lebo yalikuwa ya programu kama Cubase na ghala lake la MediaBay, na Logic na lupu zake (vipande vya kurudiarudia), ambazo zilikuja tayari zimeandikwa ala, mtindo na hisia. Vijana wengi wa hapa tumekulia kwenye FL Studio, ile iliyozaliwa Ubelgiji mwaka 1997 ikiitwa FruityLoops, na kule tulizoea folda ndani ya folda. Toleo la 21, lililotoka Desemba 2022, ndilo lililoleta lebo na nyota za vipendwa kwenye brauza, na kwa kuwa aliyeinunua hupata matoleo mapya bure maisha yake yote, kama unayo halali basi lebo unazo tayari, hujazifungua tu. Mimi sasa natumia Live. Toleo la 12, la Machi 2024, liliipa brauza lebo za kweli: unachagua sauti, unafungua kidirisha cha lebo, unaweka tiki, na unaweza kuunda kundi lako na maneno yako. Utafutaji unaourudia kila siku unauhifadhi pembeni kwa jina, kesho unabofya mara moja.

Kabla ya hapo Live ilikuwa na rangi saba, tangu toleo la 10 la mwaka 2018, nazo bado zipo. Unabonyeza namba 1 mpaka 7 kwenye kibodi, sauti inapata rangi. Wengi wanazitumia kama lebo: nyekundu ngoma, bluu besi. Mimi naziona finyu kwa kazi hiyo. Rangi zangu ni za kazi iliyopo mkononi. Nyekundu ni kaswida ya ustadhi, njano ni tangazo la wiki hii, na kazi ikiisha nafuta. Rangi ni sahani ya leo, lebo ni ghala.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi kidogo.

Programu hizi siku hizi zinasikiliza zenyewe na kubandika lebo. Kwa kiki, sneya na hai-hati, sina neno, zinafanya vizuri. Na kile kitufe cha Live 12 cha kutafuta sauti zinazofanana na hii nakipenda sana, kwa sababu hakijali maneno, kinapima sauti kwa sauti. Nimewahi kukipa mlio wa upatu wa shaba uliorekodiwa harusini, kikaniletea mfuniko wa sufuria niliokuwa nimeurekodi kwa mchezo tu. Ulikaa kwenye biti kuliko upatu wenyewe.

Lakini zipe programu hizi dufu zibandike lebo. Kwangu mara hutoka limeandikwa bongo (zile ngoma mbili ndogo za Kuba), mara tomu ya drami. Ukinunua vifurushi vya sauti, dufu, marimba, tumba na zumari vyote utavikuta vimerundikwa chini ya neno moja, "World" au "Ethnic", kama vile vyote vimetoka kijiji kimoja. Sasa mimi niko Tanga, zumari ni la harusi ya jirani. Lebo hiyo kwangu ina kazi gani? Haichuji kitu.

Tempo ndiyo mchezo wenyewe. Chukua dufu la kaswida. Mguu wangu unagonga 98 kwa dakika, na ndani ya kila pigo kuna vipigo vidogo vitatu: ta-ka-ta, ta-ka-ta. Hivyo kwa dakika kuna vipigo vidogo 294. Mashine imezoea muziki wa kugawa kwa mbili, kwa hiyo inavichukua viwili viwili, inaandika 147. Haijakosea hesabu, imekosea mguu. Ukiliburuta dufu hilo kwenye projekti ya 98, programu inalivuta ili likae sawa, na linatoka limelewa. Singeli nayo ina ya kwake: biti ya 240 mashine inaweza kuiandika 120, na hapo angalau ni nusu kamili, haiharibu sana. Lakini ile moja na nusu ya mapigo ya sita inaua. Kwa hiyo kundi langu la kwanza la lebo nililounda kwa mkono lilikuwa la mapigo, na lina mbili tu: "sita" na "nne". Kila ngoma inayoingia, kabla sijajua inaitwaje, inapata mojawapo, na tempo naiandika mwenyewe kwa kugonga kidole. Mdumange, kaswida, taarabu, yoyote. Ninapotafuta, "sita" ndiyo ya kwanza, na hapo hapo zaidi ya nusu ya ghala linatoweka machoni.

Kii, yaani noti ya msingi wimbo unapokaa, nayo nimeiacha kwa ala za kinanda na besi. Udi wa fundi wa taarabu anayepiga rasti (mojawapo ya ngazi za sauti za Kiarabu, kama bayati), ile noti ya tatu imekaa katikati ya meja na maina. Programu italazimika kuchagua upande, na upande wowote itakaochagua ni uongo. Naandika "rasti" au "bayati", kama fundi mwenyewe alivyosema siku ya kurekodi. Asiposema namuuliza. Ngoma za ngozi ndiyo kabisa. Dufu lililopashwa motoni linapanda, baada ya nusu saa ya kupigwa limeshuka, na masika, hewa ya hapa ikijaa maji, halipandi hata ulichome. Sasa hiyo kii ya G mashine iliyoandika ni ya dakika ipi? Badala yake nina lebo tatu za ngozi: "imepashwa", "imelegea", "katikati". Ustadhi akigonga meza na kusema la ta, anataka iliyopashwa, na akisema la du, iliyolegea. Hajui kama kuna lebo, na hana haja ya kujua.

Kundi kubwa zaidi ni la kazi. Hapa ndipo maneno ya kochi yalipoingia yalivyo. "Kuingiza" ni sauti yoyote inayoweza kufungua wimbo au kumleta mtu: zumari, vigelegele, mlio wa siwa, mpaka kengele ya baiskeli niliyoirekodi kwenye barabara za namba, maana Tanga bila baiskeli ni uzushi. "Kutambaa" ni kinachokaa chini ya sauti ya mwimbaji bila kumsumbua. "Kujibu" ni kifupi kinachoingia mwimbaji anapovuta pumzi. Fidla na kodiani zangu nyingi ziko hapo. "Kusukuma" ni kile ukikitoa watu wanakaa. "Kufunga". "Hewa", yaani sauti za mahali: mawimbi ya Raskazone, soko la Ngamiani asubuhi, mvua kwenye bati. Lebo moja ya ala, moja ya mapigo, moja au mbili za kazi, na ya ngozi kama ni ngoma. Zikizidi hapo najua najifurahisha.

Angalia inavyofanya kazi. Mwezi uliopita lilikuja kundi la kina mama wanaotaka wimbo wa kupokea wageni, wenye ladha ya taarabu ya Tanga ya zamani, ile ya Black Star na Lucky Star, gitaa za umeme na besi inayotembea. Mama mmoja akasema, "Hapa nikinyamaza pawe na kitu kinaniitikia, lakini kisiwe kinanda." Nikaweka tiki: "sita", "kujibu", kisha fidla, kodiani na gitaa, kinanda nikakiacha bila tiki. Zikabaki fidla, kodiani kidogo, na vijipande vya gitaa alivyonipigia mzee mmoja wa Chumbageni. Nikamchezea kimoja kimoja kwa mishale ya kibodi. Kimoja cha gitaa akakichukua kabla hakijaisha. Kama ningekuwa naingia folda ya fidla, natoka, naingia folda ya gitaa, asingengoja. Angesema "weka chochote tu, mwanangu," na mteja akishasema chochote, wimbo umeshakufa.

Kuna kundi moja la lebo ambalo sijaliona kwa prodyuza mwingine na ningependa kuliona. La ruhusa.

Mwaka mmoja nilirekodi kikundi cha ngoma upande wa Duga. Tulipomaliza, bibi mmoja aliyekuwa akiongoza akaniita pembeni. Akasema, "Zile mbili za mwisho ni za mwali. Nimekupigia wewe kwa kuwa ni mwanamke na umechezwa unyago. Usizipeleke redioni." Nikamwambia, shikamoo bibi, nimekuelewa. Lakini kuelewa kwangu kunakaa kichwani, na mafaili yako kwenye diski, na diski anaweza kuifungua mwingine nikiwa nimelala. Zile mbili zina lebo "ya ndani". Ukichuja kwa kazi yoyote zinaonekana na lebo hiyo, na utafutaji wangu wote niliouhifadhi una tiki za ruhusa nyingine, si hiyo, ili zisijitokeze kwa bahati. Nina nyingine, "muulize kwanza", kwa wapigaji waliokubali kurekodiwa lakini hatujaandikiana bei. Na "kusikiliza tu". Hizo ndizo kaseti za mjomba: Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, bendi za zamani za hapa Tanga, taarabu alizorekodi kutoka redioni. Nazisikiliza kujifunza besi ilivyokuwa ikitembea, sikati hata sekunde. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, COSOTA, wale wa ofisi ya hakimiliki, wapo, na sheria hiyo hiyo inagusa pia sanaa za jadi ambazo hazina mtunzi mmoja. Lakini hata isingekuwepo, wapigaji wa nyimbo hizo wana wajukuu mji huu huu, tunakutana kwenye foleni ya maandazi.

Zinazobaki zina lebo "huru". Usiku wa manane, nikiwa na tangazo la kupeleka asubuhi, natafuta ndani ya "huru" peke yake na sifikirii mara mbili.

Kuhusu lini uweke lebo: pale pale unaposikiliza. Watu husema watatenga Jumamosi moja wapange kila kitu. Hiyo Jumamosi siijui. Mimi nikiagiza au nikirekodi, naingiza na kuweka mapigo na ruhusa, basi. Lebo za kazi zinakuja sauti inapotumika au inapokataliwa, maana mteja akiikataa kwa kusema "hii inafaa kufunga", amenipa lebo bure. Kuna sauti zina mwaka wa tatu hazina lebo ya kazi. Zitulie.

Na jina la faili usilidharau. Lebo nyingi zinakaa kwa programu, hazikai ndani ya sauti. Live huziandika kwenye mafaili ya pembeni, ndani ya folda inayoitwa Ableton Folder Info, inayokaa pamoja na sauti zako. Ukinakili sauti kwenye flashi ukaiacha hiyo, umeacha lebo nyumbani. Ukihamia programu nyingine, hazikufuati. Ndiyo maana kinasa changu kikitoa ZOOM0001.WAV, jambo la kwanza kabla ya projekti yoyote ni kulipa jina: dufu_sita_98_pongwe2021_huru_03. Ala, mapigo, tempo ya mguu, mahali, ruhusa, namba. Hata likitua kwenye kompyuta ya mtu wa Mwanza asiye na programu ninayotumia, anajua ameshika nini, na anajua kama anaruhusiwa. Umeme wa hapa ukikatika vibaya diski ikaharibu orodha ya lebo, majina yanabaki.

Mtoto wa kaka yangu anayenisaidia siku za wikiendi ana lebo zake, na nimemwachia, kwa sababu ana masikio mazuri kuliko yangu kwa singeli. Anayo "inachoma", anayo "ya kulia", anayo "mtaani", na nikiri "inachoma" nimeanza kuitumia na mimi. Tumegombana kwa moja tu, "kali". Kila kitu kwake kilikuwa kali. Kiki kali, fidla kali, mpaka mvua kwenye bati kali. Nikamwekea sheria: lebo ikivaliwa na zaidi ya nusu ya ghala, inafutwa, maana ukiichuja unabaki na ghala lile lile. Tukahesabu pamoja kwenye brauza, "kali" ikapita nusu, nikaifuta mbele yake. "Shangazi, sasa nitazipataje zile kali?" Nikamwambia asikilize upya. Amenuna mpaka magharibi, kisha nikamwona anaunda nyingine, "kali sana".